Mcheza kwao hutunzwa: Jiji litenge fungu la sanaa ya mitaani

Kila nipitapo jioni kwenye stendi za daladala za Dar es Salaam, iwe Mbagala Rangi Tatu, Buguruni au Mwenge, nakuta duara la watu. Ndani yake kuna vijana wa sarakasi, au wapiga ngoma, au wachekeshaji wawili waliovaa suti zinazowapwaya. Pembeni mmoja wao amewasha maboksi na anapasha ngoma moto. Anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni mpaka ngozi ikaze. Chini wametandika godoro lililokwisha sponji. Kijana anapanda mabegani mwa mwenzake, wa tatu anampanda huyo, na watu waliokuwa wakigombania siti wanasimama kutazama. Hata konda anasahau kuita abiria.

Kisha kofia inapita, na duara linalegea. Waliokuwa mbele wanarudi nyuma, waliokuwa nyuma wanakumbuka magari yao. Zinadondoka sarafu za mia na mia mbili, pengine noti ya elfu kutoka kwa mzee mmoja, basi. Siwalaumu watazamaji. Wengi wana nauli tu mfukoni, na unga wa jioni haujanunuliwa. Lakini wale vijana nao wana nauli ya kulipa, na kwao pia unga unasubiriwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa wasanii hawa kwao ni jijini, na jiji haliwatunzi. Msimamo wangu ni huu: kila halmashauri ya mji mkubwa nchini, tukianza na zile tano za Dar es Salaam, itenge kila mwaka fungu la kuwalipa wasanii wanaofanya kazi kwenye viwanja, stendi, masoko na kuta za mitaani. Fungu hilo liwe ruzuku, lisiwe mkopo. Na liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, ili mwananchi alione na aweze kulihoji.

Hakuna onyesho la bure

Tumezoea kusema kwamba sanaa ya barabarani ni ya bure. Ni ya bure kwa nani? Chukua kikundi cha watu wanane kinachotaka kuonyesha mchezo wa nusu saa kwenye uwanja wa wazi. Kinahitaji mahali pa kufanyia mazoezi wiki kadhaa. Kinahitaji spika, jenereta na petroli yake, kwa sababu uwanjani hakuna pa kuchomeka waya. Kinahitaji bajaji ya kubebea ngoma na mavazi, maji ya kunywa, na chakula baada ya jasho. Kabla ya yote hayo kuna makaratasi. Msanii anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Apeleke barua kwa afisa utamaduni wa halmashauri, apate mhuri wa serikali ya mtaa, atoe taarifa polisi. Kila mhuri ni safari, kila safari ni nauli, na mara nyingi anaambiwa aje kesho.

Akishaanza kazi, anaifanya bila kinga. Kijana wa sarakasi akiteleza akavunjika mkono juu ya lami, bima hana. Anayehangaika kutafuta hela za hospitali ni mama yake, anayekwenda nyumba kwa nyumba au anayetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kwa hiyo tusidanganyane. Onyesho lile linalipiwa. Analilipia msanii kwa mwili wake, na familia yake inamalizia deni. Akifika umri wa kuoa, mwenye nyumba akadai kodi ya miezi sita kwa mpigo, anaacha. Anaingia kwenye bodaboda, na ufundi alioukusanya tangu utotoni unapotea bila kumpata wa kurithi.

Wapo wanaosema kizuri chajiuza. Kwamba msanii mwenye kipaji atajulikana tu, na akijulikana atalipwa. Methali hiyo ni ya kweli palipo na mlango. Mwimbaji anayejaza ukumbi ana mlango wa kukatia tiketi. Ana kampuni inayotaka nembo yake ionekane jukwaani. Msanii wa uwanja wa wazi hana mlango. Ukimzungushia uzio ili akate tiketi, umeshaiondoa kazi yake pale ilipokusudiwa kuwa, yaani njiani kwa mtu ambaye hakupanga kwenda kuona sanaa. Thamani yake yote iko kwenye kutokuwa na kiingilio. Soko, hata liwe zuri namna gani, halina namna ya kuilipia thamani ya aina hiyo. Ndiyo maana barabara hazijengwi kwa kofia.

Zamani mtaa ulilipa

Mtu anaweza kudhani kwamba kudai fedha za umma kwa ajili ya sanaa ni wazo la kizungu. La hasha. Mji wa Waswahili umekuwa na utaratibu wa kuwalipa wachezaji wake tangu zamani. Chukua beni, ngoma iliyoenea mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka pwani ya Lamu na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na bara. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na wanachama waliopewa vyeo, na mwenye cheo alitarajiwa kufungua mkono. Sare, tarumbeta na karamu zote zilitoka kwenye michango. Upande mmoja wa mji ukivuma, upande wa pili ulichangishana ili usiaibike. Mtazamaji barabarani hakutoa senti, lakini mtaa ulikuwa umeshalipa.

Baada ya uhuru, taifa liliichukua kazi hiyo. Kulikuwa na kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Umoja wa wafanyakazi ulianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, bendi ambayo baada ya kubadili majina ndiyo Msondo Ngoma tunayoijua. Polisi na Jeshi nao walikuwa na bendi zao. Wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Nyimbo ambazo leo tunaziita za zamani ni dhahabu hazikuota zenyewe; kulikuwa na taasisi iliyonunua gitaa na kumlipa mpiga gitaa mwisho wa mwezi.

Na singeli je, iliyozaliwa Manzese, Tandale na Tandika bila msaada wa serikali? Hata hiyo ililipiwa. Aliyeilipia ni mwenye shughuli, yule mama aliyekodi spika na kufunga mtaa kwa ajili ya kigodoro cha mwanawe. Uswahilini kuliilea kwa fedha za harusi na unyago mpaka ikafika kwenye matamasha ya Ulaya. Edward Saidi Tingatinga naye, kabla ya kifo chake mwaka 1972, hakuwa na jumba la maonyesho. Alikuwa na kivuli na ukuta wa nje wa Morogoro Stores, Oysterbay, ambako picha zake za rangi ya nyumba zilionwa na wapita njia. Wanafunzi waliomfuata walisajili ushirika mwaka 1990, na jina lake sasa ni jina la mtindo mzima wa uchoraji duniani. Ni vipaji vingapi vimekosa ukuta kama ule, au vimefukuzwa penye kivuli na mgambo?

Mkopo si dawa ya ugonjwa huu

Serikali haijakaa kimya. Upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, na wasanii kadhaa wamekopeshwa kupitia benki kwa utaratibu wake. Halmashauri nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024. Ni mipango mizuri. Mtayarishaji wa filamu anayetarajia kuiuza anaweza kukopa. Mwenye studio anaweza kukopa. Fundi wa batiki anaweza kukopa.

Lakini mkopo hurejeshwa kwa mauzo, na kikundi kinachoigiza stendi hakiuzi kitu. Kitarejesha kwa nini? Kwa zile sarafu za mia mbili? Kumkopesha msanii wa uwanjani ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Atafanya moja kati ya mawili: atakimbia deni, au ataacha uwanja na kwenda kucheza hotelini mbele ya wageni, ambako kuna anayelipa. Hotelini si pabaya, lakini mtoto wa Buguruni hafiki huko.

Kwa muda mrefu pengo hili limezibwa na wafadhili wa nje: balozi, vituo vya utamaduni vya nchi za Ulaya, mashirika ya kimataifa. Tunawashukuru. Sanaa nyingi ya wazi tuliyoiona miaka 20 iliyopita isingekuwepo bila wao. Ila mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004, huwatoa watu majumbani kwa gwaride la beni linalopita bila kiingilio kwenye mitaa ya Mji Mkongwe. Ni tamasha linalojulikana duniani na linaloijazia Zanzibar wageni. Mwaka 2016 halikufanyika, kwa sababu fedha hazikutosha. Ikiwa tamasha kubwa namna ile laweza kukosa mwaka mzima wafadhili wanaposita, kikundi cha Temeke kisicho na ofisi wala anayejua kuandika andiko kwa Kiingereza kitapona vipi?

Nyumba zetu zinapata nini

Tuje kwenye kaya, maana bajeti isiyofika nyumbani haina maana. Baba na mama wenye watoto watatu wakitaka kwenda kwenye onyesho la ukumbini Jumamosi, wanahesabu nauli ya watu watano kwenda na kurudi, kiingilio, soda na chipsi. Ikishafika hapo, safari inaahirishwa mpaka Idi au Krismasi, na mara nyingi Idi ikifika hela imeshaenda kwenye ada. Onyesho likija kwenye uwanja wa mtaa wao, wanatembea kwa miguu. Bibi anakuja na kigoda chake. Mtoto mwenye ulemavu, ambaye hakuna daladala inayompokea kwa urahisi, anasukumwa mpaka mstari wa mbele.

Kuna na biashara ndogo. Penye duara la watu pana mama anayekaanga mihogo, muuza kahawa mwenye birika na vikombe vyake, kijana wa karanga na mwenye bodaboda anayesubiri. Hawa hawamo kwenye ripoti yoyote ya sanaa, lakini wao ndio wa kwanza kunufaika, jioni ile ile. Uwanja wenye taa na watu ni salama zaidi kwa binti anayerudi kutoka masomo ya jioni kuliko uwanja wenye giza na vijiwe vya kuvutia bangi.

Halafu kuna jambo ambalo mzazi yeyote wa uswahilini analijua. Mtoto humuiga anayemwona. Kama watu wazima pekee wanaoshangiliwa mtaani kwake ni wenye magari ya kukodi na simu za bei mbaya, atataka hivyo na njia haitamshughulisha. Akimwona dada wa mtaa wa pili akipiga marimba na watu wakinyamaza kumsikiliza, na akajua dada yule amelipwa kwa kazi ile, amejifunza kwamba kipaji na mazoezi vinaheshimiwa. Somo hilo halifundishwi ubaoni.

Hofu tatu zinazostahili kujibiwa

Hofu ya kwanza ni ya dawa na madawati. Utawezaje kulipa wacheza ngoma wakati zahanati haina dawa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba sidai shilingi hata moja kutoka kwenye dawa. Nadai sehemu ndogo ya fedha zinazotokana na mandhari ya mji wenyewe. Tazama mabango makubwa yanayotupangia nini tunywe na nini tununue. Yanauza macho yetu sisi wapita njia, na ada hulipwa kwa ajili ya nafasi hiyo. Si haki sehemu ya fedha hizo irudi machoni petu ikiwa na sura ya sanaa?

Hofu ya pili ni ya kelele na maadili. Watu wamechoshwa na vigodoro vya mpaka alfajiri, na wana haki ya kulala. Lakini fujo hustawi pasipo na utaratibu. Msanii anayelipwa na halmashauri ana mkataba, ana saa ya kuanza na ya kumaliza, ana uwanja uliopangwa mbali na wodi za wagonjwa. Asiyelipwa na mtu hana anayeweza kumdai nidhamu.

Hofu ya tatu ndiyo nzito, nami naibeba pia: kwamba fungu litaishia kwa machawa. Kwamba atakayelipwa ni anayewaimbia wakubwa, na anayesema ukweli atanyimwa kibali. Historia ya jirani zetu inatufundisha. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi na kuigiza tamthilia waliyoandikiwa na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Watu walifurika. Novemba mwaka huo serikali ikafuta kibali, Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kamirithu haikukosa fedha wala ari. Ilikosa ulinzi. Kwa hiyo fungu ninalolidai lisiwe na maana ya kununua midomo. Anayelipa kwa fedha za wananchi amewekwa pale na wananchi, na wananchi wanahitaji pia kuchekeshwa, kuonywa na kuulizwa maswali magumu. Kanuni ziandikwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Fungu litoke wapi, ligawiwe vipi

Mifano ya kuiga ipo. Ufaransa, tangu mwaka 1951, iliagiza asilimia 1 ya gharama za kujenga shule iende kwenye kazi ya sanaa ndani ya jengo hilo. Philadelphia, Marekani, ilianza utaratibu unaofanana na huo mwaka 1959, na tangu 1984 mji huo huo umewageuza vijana waliokuwa wakichafua kuta kuwa wachoraji wa michoro mikubwa ya ukutani inayowavuta wageni. Karibu nasi zaidi, Accra imekuwa na Chale Wote tangu 2011, tamasha linaloifanya mitaa mikongwe ya Jamestown kuwa jukwaa. Kila mji ulitafuta njia yake. Sisi tuna miradi ya stendi, masoko na mwendokasi inayogharimu mabilioni. Sehemu ndogo mno ya gharama hizo ingewalipa wasanii kwa miaka. Tuna tozo ya hakimiliki iliyoletwa mwaka 2023 kwenye vifaa vya kunakilia na kubebea kazi za sanaa. Ni haki wasanii wasiotoa CD wala video nao wafikiriwe.

Kuhusu kugawa, nina mapendekezo machache. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika aruhusiwe kueleza kazi yake kwa mdomo mbele ya kamati. Ruzuku ziwe ndogo na nyingi, si kubwa na chache, kwani haba na haba hujaza kibaba. Nusu ya fedha itolewe kabla ya kazi, maana petroli ya jenereta haikopeshwi. Kila ruzuku iwe na bima ya ajali ndani yake. Kibali na malipo vitoke dirisha moja, ili msanii asizungushwe ofisi nne. Kamati iwe na wasanii, wakazi wa eneo husika na wafanyabiashara wa sokoni, wakae kwa muda maalumu kisha waondoke. Orodha ya waliopata, kiasi walichopata na walichofanya ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo kila mtu husoma. Mwizi huogopa jirani kuliko mkaguzi.

Halmashauri zitangaze pia viwanja vyenyewe. Mnazi Mmoja, Coco Beach, nafasi zilizo mbele ya vituo vya mwendokasi vya Kimara na Gerezani, masoko ya Temeke na Kinondoni siku za Jumapili: vyote vyaweza kuwa na ratiba inayojulikana, kama ratiba ya mechi. Vifungiwe umeme wa kuchomeka, maji na choo. Msanii apewe saa zake, na mgambo aelezwe kwamba kazi yake siku hiyo ni kumlinda.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti za halmashauri huiva miezi mingi kabla, kwenye vikao vya mitaa, kata na hatimaye Baraza la Madiwani. Vikao hivyo ni vyetu. Ukiitwa kwenye mkutano wa mtaa usiseme una shughuli. Nenda ukaulize: katika mapato ya halmashauri yetu, mwaka huu sanaa ya uwanja wetu imetengewa kiasi gani? Jibu likiwa sifuri, dai liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na jina la diwani aliyekuwepo liandikwe pia. Msimu wa kampeni ukifika, vikundi vile vile vya ngoma huitwa kuwakusanyia watu wagombea, na siku hiyo hulipwa taslimu kabla jua halijazama. Kumbe fedha huwa zipo na thamani ya wasanii inajulikana. Kilichobaki ni wananchi kudai kwamba malipo hayo yafanyike mwaka mzima, hadharani, kwa niaba yetu sote.